Waliotazama Juu

Ukimwambia mtu akupe historia ya ndege Kenya, karibu kila mara atakupitishia njia ileile. Ataanzia Karen, kwa Denys Finch Hatton na ndege yake ndogo aina ya Gipsy Moth. Atakuja kwa Beryl Markham, msichana aliyekulia Njoro, ambaye Septemba 1936 alivuka Atlantiki peke yake kutoka Uingereza hadi Nova Scotia, ndege ikaishia puani kwenye tope na yeye akatoka hai. Mwisho atafika Wilson, uwanja uliopewa jina la Florence Kerr Wilson, mjane aliyefungua kampuni ya Wilson Airways mwaka 1929 akiwa na rubani Tom Campbell Black. Ni story tamu, siwezi kukataa. Ina mapenzi, ina simba, ina pombe ya bei. Hollywood waliitengenezea sinema mwaka 1985 na ikazoa tuzo za Oscar.

Sasa chukua ramani ya Nairobi uangalie vizuri. Uwanja mkubwa wa ndege za jiji hili baada ya Vita Vikuu vya Pili haukuwa Wilson. Ulikuwa Eastleigh. Uliofuata ulikuwa Embakasi. Yote miwili iko huku kwetu Eastlands. Ndege zilizobadilisha maisha ya watu wengi zaidi Kenya, kwa mema na kwa mabaya, zilipaa na kutua karibu na Pumwani, Mathare na kule tambarare, si karibu na bustani za Karen. Kwa nini basi hadithi inasimuliwa kutoka kiti cha rubani peke yake? Aliyekuwa chini akitazama juu, yeye aliona nini?

Nakaa mashariki, na nimekuwa nikilifuatilia swali hili kwa muda. Chuo niliacha mwaka wa pili, lakini maktaba ya Kaloleni haikuulizi una digrii ngapi kabla hujavuta kiti. Nilichokusanya ndicho hiki.

Tuanze Kariokor. Wengi tunaijua kwa nyama choma na viondo. Jina lenyewe linatokana na Carrier Corps, kikosi cha wapagazi ambacho Waingereza walikikusanya katika Vita Vikuu vya Kwanza kubeba chakula, risasi na majeruhi, kupigana na Wajerumani wa Tanganyika. Kambi yao Nairobi ilikuwa hapo, na nyumba za Kariokor zilijengwa mwaka 1929 juu ya ardhi hiyohiyo. Vita hivyo ndivyo vilivyoleta ndege huku kwetu. Mwishoni mwa 1914 Waingereza walitumia ndege ya majini kuitafuta manowari ya Kijerumani, Königsberg, iliyokuwa imejificha kwenye mdomo wa Mto Rufiji. Mwaka 1915 ndege ndogo za Caudron zilikuwa Maktau, karibu na Voi. Mapema 1916 kikosi cha marubani kutoka Afrika Kusini kikashuka Mombasa na kupiga kambi Mbuyuni.

Ndege za wakati huo zilikuwa mbao, kitambaa na waya, na hazikujisimamia. Zilitaka uwanja uliofyekwa, visiki ving'olewe, petroli ije kwa madebe. Ulaya kulikuwa na barabara na malori ya kufanya kazi hiyo. Huku kulikuwa na mabega. Kwa hivyo mwanamume aliyechukuliwa kwa nguvu kutoka Machakos au Nyanza akawa kati ya Waafrika wa kwanza wa bara kuiona ndege kwa karibu, na aliiona akiwa na mzigo kichwani. Wazungu walioandika kuhusu siku hizo hupenda kusema mwenyeji alishangaa, akakimbia. Labda wapo waliokimbia. Lakini mtu aliyetembea mamia ya kilomita akiwazika wenzake njiani kwa kuhara na malaria, sidhani mshangao ulikuwa ndio hisia yake kubwa.

Neno walilolitumia linajulikana. Kiswahili hakikuhangaika: kitu kinaruka, kina mabawa, basi ni ndege. Halafu sarufi ikaweka mpaka wake kimyakimya. Yule wa manyoya ametua; ile ya chuma imetua. Mmoja ana uhai, nyingine ni kitu tu. Neno likahama na watu. Wakikuyu wakalichukua, Wajaluo wakalichukua, na hadi leo mtoto wa Kisumu na wa Nyeri wakisikia mngurumo juu wote wanapiga kelele neno lile moja.

Wakikuyu walienda mbali zaidi. Kwa desturi yao, vijana waliotahiriwa pamoja hupewa jina la rika, na mara nyingi jina hilo hutokana na jambo kubwa la msimu huo: njaa, ugonjwa, pesa mpya. Katika marika ya miaka ya 1920 kuna moja linaloitwa Ndege. Fikiria hilo. Wavulana wanatoka kwenye kisu wakiwa wanaume, na jina wanalopewa la kubeba hadi kaburini ni la mashine ambayo hakuna mmoja wao amewahi kuigusa. Likumbuke rika hili. Tutakutana nalo tena.

Ndege ya kwanza kuandikishwa Kenya yenyewe ilikuwa ya John Carberry, mlowezi tajiri. Ilikuwa aina ya DH.51, ikaletwa kwa meli hadi Mombasa mwaka 1925, ikaruka Aprili 1926. Mwaka 1929 ilipewa namba VP-KAA, na jina lake la kupendeza lilikuwa Miss Kenya. Bado iko, na bado inaruka, ila haiko hapa. Iko kwenye jumba la makumbusho ya ndege Uingereza. Miss Kenya alishapata viza zamani.

Mwaka 1931 Imperial Airways ilianza kuunganisha London na Afrika Mashariki, na mwaka uliofuata njia ikafika hadi Cape Town. Kwa mlowezi hili lilikuwa jambo kubwa sana. Barua iliyokaa wiki kadhaa baharini sasa ilifika kwa siku chache. Mgonjwa wa shambani angeweza kufuatwa na daktari kwa ndege. Bei za kahawa London, gazeti, harusi, mazishi, vyote vilisogea karibu. Dunia ilikuwa inapungua ukubwa, na magazeti ya Nairobi yaliandika hivyo kwa furaha.

Haikupungua kwa kila mtu. Miaka hiyohiyo, mwanamume Mwafrika wa Pumwani hakuweza kutoka nje bila kipande, ile karatasi ya alama za vidole na rekodi ya kazi, ndani ya kopo la chuma linaloning'inia shingoni. Usiku alihitaji ruhusa kuwa mjini. Akihama mwajiri, kipande kilimfuata. Sheria hiyo ilianza kutekelezwa kati ya 1919 na 1920 na ikakaa karibu miaka 30. Kwa hiyo hebu weka vitu viwili pamoja: mzungu angeweza kupata kiamshakinywa Khartoum akiwa njiani kutoka London, wakati mtu wa Pumwani anaeleza polisi kwa nini yuko Parklands saa nne usiku. Anga ilifunguliwa wakati ardhi inafungwa, na waliofanya hayo mawili ni serikali moja.

Hata kifo cha angani kilikuwa na madaraja. Tarehe 14 Mei 1931 ndege ya Finch Hatton ilipaa Voi, ikazunguka uwanja, ikaanguka na kuwaka moto. Wengi wanaojua jina lake hawajui kwamba hakufa peke yake. Alikuwa na mtumishi wake Mkikuyu. Kumbukumbu zinamtaja kwa jina moja tu, Kamau. Finch Hatton alizikwa Ngong Hills, na kaburi lake lina mnara ambao watalii hulipa kwenda kuuona. Kamau ndiye Mwafrika ninayemwona kwanza kwa jina katika hadithi hii ya kuruka. Tunajua jina lake kwa sababu alikufa karibu na mtu maarufu.

* * *

Eastleigh ilianza kama mtaa mwaka 1921, na kwa miongo mingi wakazi wake wengi walikuwa Wahindi, pamoja na Wasomali waliokuwepo tangu mapema. Mwaka 1940, vita na Waitaliano wa Ethiopia na Somalia vikiwa vimefika mpakani, jeshi la anga la Uingereza likajenga uwanja kando ya mtaa huo. Vita vilipoisha uwanja haukuondoka. Ukawa wa jeshi na wa raia kwa pamoja, na ndege kubwa za kutoka Ulaya zikaanza kutua hapo. East African Airways, iliyoanza mwaka 1946 na Dragon Rapide sita, nayo ikawa sehemu ya anga hiyo mpya ya Kenya, Uganda, Tanganyika na Zanzibar.

Kama unataka kujua jinsi mtaa mmoja unavyoweza kukaa katikati ya historia bila kualikwa, angalia mwaka 1952 peke yake. Tarehe 1 Februari, binti mfalme Elizabeth na mumewe walishuka Eastleigh kutoka London, wakapokewa kwa gwaride. Siku tano baadaye baba yake akafa na yeye akawa malkia akiwa hapahapa Kenya. Picha zake ziko kila mahali. Miezi minane ikapita. Usiku wa tarehe 20 Oktoba, uwanja uleule ukapokea wageni wengine: wanajeshi wa kikosi cha Lancashire Fusiliers, walioletwa kwa ndege kutoka eneo la Mfereji wa Suez. Hali ya hatari ikatangazwa. Usiku huohuo Jomo Kenyatta na wenzake wakakamatwa, na yeye akapelekwa kwa ndege hadi Lokitaung, kaskazini kabisa.

Zamani, serikali ikitaka kuleta jeshi ilihitaji meli na reli, na habari zilitangulia. Mtu wa bandari alimwambia mtu wa reli, mtu wa reli akamwambia Muthurwa, na Muthurwa ikajua. Ndege iliivunja hiyo chain. Watu wa Kaloleni na Shauri Moyo waliamka asubuhi ya tarehe 21 wakakuta askari wa Kizungu wako barabarani tayari. Kwangu mimi hilo ndilo badiliko kubwa ambalo ndege ilileta Eastlands. Iliipa serikali uwezo wa kutokea ghafla.

Halafu zikaja za mabomu. Kuanzia Novemba 1953 hadi Julai 1955, ndege nzito za Lincoln, zenye injini nne, zilitumika kulipua misitu ya Aberdare na Mlima Kenya, na kituo chao kilikuwa Eastleigh. Ndege ndogo za Harvard zilifanya kazi hiyohiyo kutoka Mweiga, karibu na Nyeri. Nyingine zilidondosha karatasi za kuwataka wapiganaji wajisalimishe, na nyingine zilifungwa vipaza sauti, zikazunguka juu ya miti zikihubiri.

Jiweke kwenye viatu vya mama anayeuza mboga Pumwani mwaka 1954. Mwanawe ameingia msituni, au anadhani ameingia, hawezi kuuliza. Ndege inapita juu ya paa lake ikielekea kaskazini, nzito, mpaka sufuria zinatetemeka. Baada ya masaa kadhaa inarudi. Sauti ya kurudi ni tofauti na ya kwenda, kwa sababu imerudi nyepesi. Huyo mama hakuhitaji gazeti.

Na lile rika la Ndege? Waliotahiriwa miaka ya 1920 sasa walikuwa wanaume wa miaka arobaini na kitu, wenye wake na watoto wakubwa. Baadhi msituni, baadhi upande wa serikali, baadhi wamejibanza mijini wakiomba Mungu wasiulizwe. Jina lililokuwa la kujivunia, alama kwamba sisi tuliona kitu kipya, sasa lilikuwa linadondosha chuma juu ya vichwa vyao.

Tarehe 24 Aprili 1954 ikaja Operesheni Anvil. Askari wapatao 25,000 waliizingira Nairobi, na uzito wote ukaja huku, Pumwani, Kaloleni, Shauri Moyo, nyumba kwa nyumba. Watu walipangwa foleni mbele ya washitaki waliofunikwa magunia kichwani, wenye matundu ya macho tu. Kichwa kikitikiswa, umeenda. Watu wapatao 20,000 waliwekwa vizuizini, na wanawake na watoto kama 30,000 wakarudishwa vijijini. Wazee wengi mtaani bado husema mambo ya kabla ya Anvil na ya baada ya Anvil, vile wengine husema kabla na baada ya Kristo.

* * *

Eastleigh ilipoanza kuwa ndogo kwa ndege mpya, serikali ikachagua tambarare ya Embakasi. Ukiishi Eastlands unaujua udongo wa huko. Ni ule mweusi, unaopasuka kiangazi hadi unaweza kupoteza kiatu, na mvua ikinyesha unakuwa gundi. Huwezi kuweka barabara ya ndege juu yake hivihivi. Lazima uuchimbe, uuondoe, ujaze mawe na kokoto.

Waliouchimba walikuwa wafungwa wa Mau Mau. Maelfu yao waliwekwa gerezani Embakasi, wakalima msingi wa uwanja kwa sururu, koleo na karai, chini ya ulinzi, miaka ya hali ya hatari. Hii si fununu ya kijiweni. Wanahistoria wameiandika na wafungwa wenyewe wameisimulia. Uwanja ambao leo mtu anapiga selfie akielekea Dubai ulikatwa kutoka ardhini na watu ambao hawakuwa na ruhusa hata ya kwenda Athi River.

Ulifunguliwa mwaka 1958. Mama yake Malkia alitarajiwa kuuzindua akitoka Australia, lakini ndege yake ikachelewa njiani na Gavana Evelyn Baring akalazimika kuufungua yeye. Kwa hivyo ndege kuchelewa JKIA ni mila, ilianza siku ya kwanza.

Halafu, mwaka mmoja tu baadaye, kikatokea kitu ambacho hakuna gavana aliyekipanga. Tom Mboya alikuwa ametoka kwenye kazi ya ukaguzi wa afya katika baraza la jiji hadi kuwa kiongozi wa wafanyakazi na mbunge wa Nairobi. Alikaa Ziwani, nyumba ya kawaida ya baraza. Mwaka 1959 alizunguka Marekani akiomba nafasi za masomo na nauli, kwa sababu vyuo vya huko vilikuwa tayari kuchukua vijana wa Kenya ila njia ya kuwafikisha haikuwepo. Mchezaji wa besiboli Jackie Robinson, mwimbaji Harry Belafonte na mwigizaji Sidney Poitier wakasaidia kuchangisha. Huku nyumbani vijiji vikafanya michango ya chai, mtu akauza mbuzi, kanisa likatoa sahani. Septemba 1959 ndege ya kukodi ikaondoka Nairobi na wanafunzi 81. Mwaka uliofuata zikaenda nyingine, na kwenye kundi la 1960 alikuwemo msichana wa Nyeri aliyekuja kuitwa Wangari Maathai. Kufikia 1963 walikuwa wamekwenda karibu 800.

Wakoloni walipinga mpango huo. Walisema vyuo vingi vya Marekani ni hafifu na vijana hawajaandaliwa. Nafikiri kilichowauma zaidi kilikuwa kingine. Kwa miaka 45 ndege ilikuwa yao: ya kupeleleza, kuleta barua zao, kushusha jeshi lao, kuhamisha wafungwa wao. Sasa mtu wa Ziwani alikuwa ameikodi.

Ndugu wa wale vijana walikwenda Embakasi kuwaaga, wamevaa suti za kuazima na leso bora. Wakasimama pembeni ya lami mpya kabisa wakatazama juu. Kitendo kilikuwa kilekile cha mpagazi wa Maktau na cha mama wa Pumwani. Ila sasa kulikuwa na mtu wao ndani. Na chini ya lami, kama wangejua pa kuangalia, kulikuwa na mikono ya watu wengine wao. Huenda hata wa nyumba moja: kaka aliyebeba karai na mdogo aliyebeba sanduku.

Sitaki kuifanya hii iwe ya mwisho mwema. Uwanja wa Eastleigh ulikabidhiwa jeshi la anga la Kenya huru lililoundwa Juni 1964, na mitaa inayouzunguka imeendelea kulipa. Tarehe 1 Agosti 1982 mapinduzi yaliyoshindwa yalipangwa na wanajeshi wa anga, wengi wa hapo, na risasi zilizofuata hazikuchagua paa la nani. East African Airways ilikufa mwaka 1977 pamoja na Jumuiya. Na kupanda ndege bado ni jambo la wachache. Kuna watoto Kayole wanaojua ratiba ya ndege za mizigo za usiku kuliko ratiba ya matatu, na hawajawahi kufika getini.

Lakini ningependa tuache kusimulia historia hii kama vile ilitokea Karen na sisi tulikuwa watazamaji. Mtu anayefyeka uwanja yuko ndani ya historia ya ndege. Mama anayesikiliza injini na kujua kilichotokea yuko ndani. Mfungwa anayejaza kokoto ndiye aliyefanya ndege iweze kutua.

Angalia tu majina. Uwanja wa Nairobi West, tangu 1962, una jina la mwenye kampuni. Wa Eastleigh una jina la Rais wa pili. Wa Embakasi una jina la Rais wa kwanza, mtu aliyesafirishwa kwa ndege kama mfungwa, kwa hivyo huyo angalau anajua. Waliochimba Embakasi hawana uwanja, hawana mtaa, hawana hata stage ya matatu.